Hadithi ya Mgeni na Deni la Msikilizaji

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa watu wawili walio mbalimbali. Mtu aliyealikwa karamuni, akatandikiwa mkeka na kunawishwa mikono, huitwa mgeni. Mtu aliyeshuka chomboni katika mji asikomjua hata mtu mmoja, naye huitwa mgeni. Wa kwanza hungojewa. Wa pili hutazamwa. Jina la wa kwanza limekwisha kutajwa nyumbani kabla hajafika. Wa pili huulizwa jina lake mlangoni, na pengine jibu lake halisadikiwi. Kwa kuwaita watu hawa kwa neno moja, lugha imeiweka heshima ya karamu karibu na mashaka ya bandari, ili asiyejulikana asiwe mbali mno na haki ya aliyealikwa.

Methali nayo imemhesabia mgeni siku zake. Siku mbili ni za kula, na siku ya tatu hupewa jembe. Methali hiyo ni ya haki, maana mwenye kula hapana budi alime. Lakini haikusema mtu aliyepewa jembe, akalima miaka ishirini, aitwe nani. Wala haikusema kama katika miaka hiyo yote yuko mtu aliyemwuliza habari za alikotoka. Jembe hujibu swali la chakula. Swali la habari hubaki.

Katika miji mingi ya ulimwengu swali hilo hujibiwa siku hizi kwa mikutano ya sanaa. Wahamiaji na wenyeji hukutana katika kumbi, shule, maktaba na viwanja, na maisha ya wahamiaji husimuliwa kwa michezo ya kuigiza, mashairi, nyimbo, ngoma, mapishi na maonyesho ya kazi za mikono. Mikutano hiyo husifiwa na karibu kila mtu. Husemwa kuwa inaleta maelewano, inafukuza hofu, na inampa mnyonge sauti. Sifa hizo zaweza kuwa za kweli. Walakini jambo lisifiwalo na wote yafaa lipimwe kwa utulivu. Mwenyeji aliyeketi kitini saa mbili, akaisikia hadithi ya mgeni, akalengwalengwa na machozi, akapiga makofi, kisha akarudi kwake kulala, amefanya nini? Je, amelipa deni alilokuwa nalo kwa jirani yake, au ndiyo kwanza amekopa?

Jibu litakalotetewa hapa ni kuwa amekopa. Kusikiliza ni kupokea, na mwenye kupokea hudaiwa. Jibu hilo si jepesi kulikubali, maana makofi yana sauti ya malipo. Ili lipimwe, yafaa uchukuliwe mfano wa zamani kidogo, ambao matokeo yake yamekwisha kujulikana.

Mwaka 1889 wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia katika nyumba kubwa kuukuu iliyokuwa katika mtaa wa Halsted, jijini Chicago, nchini Marekani. Nyumba hiyo ilijulikana kwa jina la mwenyewe wa kwanza, Charles Hull, ikaitwa Hull-House. Chicago wakati huo ulikuwa mji wa machinjio, viwanda vya nguo na njia za reli, na sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Majirani wa nyumba ile walikuwa Waitalia, Wagiriki, Wayahudi waliotoka Urusi na Poland, Wabohemia, Wajerumani na Waairishi. Ndani ya nyumba palikuwa na shule ya watoto wadogo, madarasa ya Kiingereza, mafunzo ya muziki na uchoraji, na vilabu vya vijana. Na mwaka 1899 ukajengwa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Mikutano ya sanaa ya wahamiaji inayofanywa leo katika miji mingi ina mmojawapo wa wazee wake katika nyumba hiyo.

Mwaka 1900 yalifunguliwa humo makumbusho ya namna yake, yaliyoitwa Makumbusho ya Kazi. Chanzo chake kimeelezwa na Addams mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1910, Twenty Years at Hull-House. Siku moja alimwona bibi kizee wa Kiitalia ameketi barazani kwake akisokota uzi kwa kijiti kilichoning'inia mkononi, kama walivyosokota wanawake wa kwao tangu kale. Addams akawaza juu ya vijana wa mtaa ule. Wengi walikuwa wakifanya kazi viwandani, na hawakujua kuwa mashine walizozitumikia zilikuwa wajukuu wa vijiti vya mama zao. Walikuwa wamejifunza kuwaonea haya wazazi wao: nguo zao, lugha yao, mikono yao. Basi wanawake wa mataifa mbalimbali waliombwa waje kusokota na kufuma mbele ya watu, na vyombo vyao vikapangwa kwa taratibu ya kukua kwa ufundi, kutoka kijiti cha mkono mpaka mashine, ili kila mtazamaji aone njia moja ndefu ambayo mataifa yote yalipita.

Katika kitabu hicho kimo kisa cha binti mmoja wa Kiitalia. Kila Jumamosi jioni alikuja nyumbani hapo kujifunza upishi, na mama yake alikuja pamoja naye kusokota katika makumbusho. Lakini binti aliingia kwa mlango mmoja, na mama kwa mlango mwingine, kwa sababu binti hakutaka kuonekana pamoja na mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya shamba. Jioni moja alimkuta mama yake amezungukwa na wageni waliotoka katika chuo cha ualimu, nao wakiustaajabia ufundi wake. Akasikia wakisema kuwa huenda hakuna Marekani nzima ampitaye mama huyo kwa kusokota namna ile. Binti aliuliza kama ni kweli. Akaelezwa habari za kijiji cha mama yake, na jinsi ilivyomwia vigumu mama huyo kukiacha na kuanza maisha mapya mjini. Baadaye nguo zilizosokotwa na kufumwa kwa mkono, zilizokuwa zimefichwa sandukuni chini ya kitanda, zilitolewa nje. Na binti akaanza kuingia kwa mlango wa mama yake.

Kisa hiki hupendwa sana, na ni haki kipendwe, lakini kina mwiba ndani yake. Binti hakuuona ufundi wa mama yake kwa macho yake mwenyewe; aliuona kwa macho ya walimu wale. Mikono ya mama ilikuwa ile ile Ijumaa na Jumamosi, na uzi ulikuwa ule ule. Kama walimu wasingalifika jioni ile, je, mama asingalistahili kuingia kwa mlango mmoja na mwanawe? Na kama wangalifika wakatazama na kuondoka kimya, je, ufundi wake ungalipungua? Mtu akifikiri hivyo, aweza kuona kuwa mkutano ule ulimheshimu mama na kumtia utumwani kwa wakati mmoja, kwa kuwa heshima yake iliwekwa katika vinywa vya watu wengine.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haifiki mwisho wa jambo. Yafaa iulizwe haya ya binti ilitoka wapi. Hakuzaliwa nayo, mtoto mchanga hajui kitambaa cha kichwani kuwa aibu. Aliipata njiani, dukani, shuleni na kiwandani, katika macho ya wenyeji waliomtazama mama yake na kucheka. Aibu ilitoka nje kabla ya sifa kutoka nje. Basi sifa za walimu wale hazikuwa sadaka kwa mwanamke maskini. Zilikuwa marejesho ya kitu kilichokuwa kimechukuliwa, na yaliyorejeshwa yalikuwa sehemu ndogo tu. Aliyelitia kanzu doa hapewi shukrani nyingi kwa kuliosha. Hili ndilo fungu la kwanza la deni la msikilizaji: mara nyingi lilikuwapo kabla hajaingia ukumbini, naye hakujua.

Ukumbi ule ule una mfano wa pili. Mwaka 1899 Wagiriki wa mtaa ule walicheza mchezo uliotungwa kutokana na habari za Odysseus kurudi kwao, na mwaka 1903 walicheza Ajax, mchezo wa Sophocles, chini ya uongozi wa Mabel Hay Barrows. Wengi wa Wagiriki wa Chicago walikuwa wachuuzi wa matunda na vibarua. Mtu angaliweza kudhani kuwa, wakipewa jukwaa, wataonyesha mkokoteni wa matunda, baridi ya barabarani, na polisi wanaowafukuza. Maisha hayo yalikuwa yao, na yalistahili kusimuliwa. Wao walimwonyesha Ajax, shujaa aliyenyimwa tuzo aliyodhani ni haki yake, akapatwa na wazimu, akachinja mifugo akiidhania kuwa adui zake, akaamka katika fedheha, na mwisho akajiua ugenini mbali na kwao. Sehemu ya mwisho ya mchezo ni mabishano juu ya maziko yake. Na mtu anayemtetea ili azikwe kwa heshima ni Odysseus, aliyekuwa adui yake.

Kwa maelezo ya Addams, wachezaji wale waliona kuwa wanawaonyesha Wamarekani wasiojua utukufu wa Ugiriki. Hapo pana fundisho kubwa. Mwenyeji mwema hupenda kumsikia mgeni akisimulia mateso yake, na huhesabu kupenda huko kuwa wema. Lakini mtu atakiwaye kusimulia mateso peke yake amewekewa mpaka mwingine baada ya ule wa bandarini. Anaambiwa, bila maneno, kuwa mambo ya walimwengu wote, kama vile haki, kifo, wivu na heshima ya maiti, yatasemwa na wengine, na fungu lake ni kilio. Wachuuzi wa matunda waliukataa mgao huo. Walisema juu ya binadamu, na aliyetaka kuwajua alipaswa kuwafuata huko.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1908, mchezo wa Israel Zangwill uitwao The Melting Pot ulichezwa mara ya kwanza huko Washington, na Rais Theodore Roosevelt akiwa miongoni mwa watazamaji. Jina lake lina maana ya chungu cha kuyeyushia madini, na fikira yake ni kuwa mataifa yote ya Ulaya yatayeyuka humo na kuwa taifa moja jipya. Mchezo huo ulipata sifa nyingi, na nia yake ilikuwa njema, kwa sababu uliwatetea Wayahudi waliokimbia mauaji ya Urusi. Hata hivyo tofauti yake na ule wa Wagiriki yaonekana. Katika mmoja mgeni husifiwa kwa kuwa yu tayari kuyeyuka. Katika mwingine anasimama na lugha ya babu zake mdomoni, akidai asikilizwe kama alivyo. Ni rahisi kumpenda mgeni anayeahidi kuwa hatakuwa mgeni tena. Upendo hupimwa kwa yule asiyetoa ahadi hiyo.

Sasa yafaa yatazamwe matokeo. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka idadi ya watu watakaoruhusiwa kuingia kutoka kila nchi kila mwaka. Idadi hiyo ilikuwa sehemu mbili katika mia ya watu wa taifa hilo waliohesabiwa nchini mwaka 1890. Mwaka huo haukuchaguliwa kwa bahati. Ulichaguliwa kwa kuwa ulitangulia wingi wa Waitalia, Wagiriki, Wapoland na Wayahudi. Italia, ambayo kwa sheria ya 1921 ilikuwa na nafasi zaidi ya 42,000 kwa mwaka, ilibakiwa na 3,845. Ugiriki ilipewa 100. Watu wa Asia walizuiwa karibu wote. Mfumo huo wa mgao kwa mataifa ulidumu, ingawa idadi zilibadilishwa, mpaka sheria ya 1965 ilipouondoa.

Idadi hizo zikiwekwa kando ya jukwaa la 1903, moyo wa mpenda sanaa huingiwa na huzuni. Nchi iliyokuwa imempigia makofi Ajax iliwaambia ndugu za wachezaji wake kuwa mia moja watosha. Haiwezi kusemwa kuwa watazamaji wale ndio walioipitisha sheria, na bila shaka wamo walioipinga. Lakini taifa ni lile lile, na magazeti, shule na makanisa ni yale yale. Mtu mwenye kuitilia shaka sanaa atauliza: kama miaka ishirini na zaidi ya nyimbo, ngoma na michezo haikuweza kuzuia mlango usifungwe, nyimbo hizo zilifaa nini? Je, hazikuwa pumbao tu, ambalo lilimwezesha mwenyeji kumfurahia mgeni jioni na kumfungia mlango asubuhi?

Swali hilo halijibiwi kwa kuisifu sanaa zaidi. Hujibiwa kwa kuitazama nyumba ile kwa mara nyingine, maana chini ya paa moja na jukwaa lilikuwamo jambo jingine, nalo ni daftari. Wakazi wa Hull-House walizunguka katika mtaa wao nyumba kwa nyumba, wakaandika kila jamaa imetoka nchi gani na inapata mshahara kiasi gani kwa wiki, kisha wakazichora habari hizo kwa rangi juu ya ramani. Na mwaka 1895 zikatolewa katika kitabu, Hull-House Maps and Papers. Mmoja wao, Florence Kelley, alichunguza vyumba ambamo wanawake na watoto walikuwa wakishona nguo mchana na usiku. Mwaka 1893 jimbo la Illinois lilipitisha sheria iliyokataza watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani na kuweka saa nane za kazi kwa wanawake kwa siku, na Kelley akawa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo. Sehemu ya saa nane ilibatilishwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1895. Waliobaki nyumbani mle waliendelea kudai.

Hapo ndipo maana ya deni inapokuwa wazi. Jukwaa bila daftari ni starehe. Humwonyesha mama akisokota, lakini halisemi binti yake analipwa nini kiwandani, wala chumba chao kina madirisha mangapi. Daftari bila jukwaa nalo ni pungufu, kwa sababu huhesabu vyumba, senti na maradhi, na mtu aliyehesabiwa hivyo huonekana kama shimo la upungufu tu, asiye na ufundi, dhihaka wala babu. Daftari humfanya mwenyeji ajue mgeni amekosa nini. Jukwaa humfanya ajue mgeni ana nini. Aliyeona kimoja tu hajamwona mtu.

Pwani ya Afrika Mashariki haikungoja Chicago ili ijifunze jambo hili. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi na mavazi ya askari, ilianza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea bara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vyake mashuhuri, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafuasi katika miji mingi ya Tanganyika, na miongoni mwao walikuwamo watu waliotoka mbali kutafuta kazi. Mtazamaji wa barabarani aliona gwaride, vyeo vya kuigiza na mashindano ya mavazi. Mwanachama alijua zaidi. Alijua kuwa akiugua atatazamwa, na akifa ugenini atazikwa na watu wanaolijua jina lake. Chama kilichocheza ndicho kilichochanga. Wageni wale hawakutenga furaha ya ngoma na hesabu ya sanda, wala hawakuona kuwa moja yashusha cheo cha nyingine.

Limebaki jambo moja ambalo waandaaji wa mikutano hulisahau upesi, nalo ni kimya. Katika ghuba ya San Francisco kipo kisiwa kiitwacho Angel Island, ambacho kati ya 1910 na 1940 kilikuwa na kituo cha wahamiaji. Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imewakataza vibarua wa Kichina kuingia Marekani, na walioruhusiwa walikuwa wachache, wakiwamo watoto wa raia. Baada ya tetemeko na moto wa 1906 kuteketeza hati za mji wa San Francisco, baadhi ya Wachina walidai kuwa walizaliwa mjini humo na kwamba wanao wana huko China. Na vijana wengi walinunua nafasi za wana hao, wakaingia kwa majina yasiyo yao. Waliitwa wana wa karatasi. Maofisa waliwahoji kwa siku nyingi: kijiji kina nyumba ngapi, kisima kiko upande gani, ngazi za mlangoni ni ngapi. Aliyekosea aliweza kurudishwa. Wengine walikaa kisiwani wiki kadhaa, wengine miezi, na wachache karibu miaka miwili.

Katika kungoja huko walichonga mashairi juu ya kuta za mbao, kwa kanuni za ushairi wa kale wa Kichina. Mengi hayana jina la mtunzi. Zaidi ya mashairi mia mbili yamehifadhiwa. Hayakutungwa kwa ajili ya mwenyeji, ambaye hakuweza kuyasoma. Yalitungwa kwa ajili ya yule atakayelala katika kitanda hicho hicho mwaka ujao. Kituo kilifungwa baada ya moto wa 1940, na sheria ya kuwazuia Wachina ikafutwa 1943. Mwaka 1970, jengo likiwa karibu kubomolewa, mlinzi wa hifadhi aliyeitwa Alexander Weiss aliyaona maandishi hayo ukutani. Wachina wa California walilitetea jengo, na mwaka 1976 bunge la jimbo lilitoa dola 250,000 za kulihifadhi. Mwaka 1980 Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung, wote watatu wakiwa wazao wa watu waliopitia kisiwani hapo, walitoa kitabu cha mashairi hayo pamoja na tafsiri na masimulizi ya wazee.

Wazee wengi walikuwa hawajawaambia watoto wao hata neno moja. Haikuwa kwa sababu ya kukosa maneno, kwani kuta zilijaa maneno. Aliyeingia kwa jina la karatasi alikuwa na sababu ya kuogopa, na hata baada ya 1956 serikali ilikuwa ikiwataka watu kama yeye waungame. Kwa mtu huyo, hadithi iliyosimuliwa mbele za watu ingaliweza kuwa ushahidi dhidi yake. Kimya kilikuwa paa la nyumba yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alimweka mtu wa jamii hiyo katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001. Mzee Saleh Omar anafika Uingereza kwa jina la mtu mwingine, na mbele ya maofisa anajifanya hajui Kiingereza, ilhali anakijua. Anazo hadithi nyingi. Ila hazitoi mpaka ampate mtu anayestahili kuzisikia, na mtu huyo si ofisa.

Basi kabla ya kumwalika mgeni jukwaani, inapasa iulizwe kama kimya chake kina kazi. Mwandaaji ambaye humsihi mkimbizi asimulie yote, kwa kudhani kuwa kusema ni kupona, aweza kumvua nguo mtu ambaye bado yuko barabarani. Hadithi ni mali ya aliyeishi. Aweza kuitoa, kuigawa nusu, kuitoa kwa mfano wa Ajax, kuichonga ukutani kwa lugha ya kwao, au kuizika. Mwenyeji hana haki ya kuidai kama nauli ya kuingilia mjini, maana nauli hiyo ilikwisha lipwa kwa jembe.

Ikiwa hadithi imetolewa kwa hiari, deni la aliyeipokea lina sura ya kawaida kabisa. Halimtaki alie. Mwenye nyumba adaiwa asimzidishie mpangaji kodi kwa sababu ya lafudhi yake. Karani adaiwa aliandike jina geni kwa herufi zake, asilikate ili litoshe katika mstari. Mwalimu adaiwa asimcheke mtoto kwa kitambaa cha mama yake, kwa kuwa kicheko kile ndicho kilichofungua mlango wa pili katika nyumba ya mtaa wa Halsted. Mpiga kura na mtunga sheria wadaiwa wakumbuke, siku idadi inapoandikwa, kuwa mia moja ni watu mia moja, na wa mia na moja naye ana mama.

Vyuo vikuu, ambavyo siku hizi huandaa mikutano hii mara nyingi kuliko nyumba za majirani, vina deni lao pia. Mwanachuoni huikusanya hadithi ya mgeni, huiandika, huifasiri na hupandishwa cheo kwa ajili yake. Si kosa, bila watu kama hao mashairi ya kisiwani yangekuwa kuni. Lakini waliyoyaokoa hasa walikuwa wazao wa waliochonga, nao waliyarudisha kwa jamaa zao kabla ya kuyafanya somo. Mwanachuoni ambaye hadithi imemfaa, na aliyemsimulia haikumfaa kitu, yuko katika hali ya mkopaji aliyehama mji.

Sanaa haikuweza kuuzuia mlango usifungwe mwaka 1924, na haifai kuibebesha kazi ya bunge. Kazi yake ni ya kabla ya hapo: kumfanya mwenyeji akose udhuru. Kabla ya kusikia aliweza kusema kuwa hakujua. Akiisha kusikia hana tena neno hilo, na kila afanyalo baada ya hapo hulifanya akijua. Kwa hiyo makofi yakinyamaza na taa za ukumbini zikizimwa, mgeni aweza kwenda zake akiwa mwepesi kidogo, kwa maana ametua sehemu ya mzigo wake. Msikilizaji atoke akijua ni nani aliyeubeba.